Kufuatilia tiba ya saratani ya titi kwa ultrasaundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kwenye mabenchi ya kusubiria na ndani ya chumba cha kupimia. Wameyauliza wagonjwa na ndugu waliowasindikiza, wengine kutoka Mbeya mjini, wengine wakiwa wamedamka alfajiri Kyela, Chunya, Ileje, Mafinga, Makambako au Ludewa. Yanamhusu mtu ambaye tayari ameambiwa ana saratani ya titi, na ambaye ameanza au anakaribia kuanza kemo (dawa kali za kuua chembe za saratani) kabla ya upasuaji. Hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu.

Jambo moja lishike tangu sasa: kipimo kimoja hakiwezi kusema kama dawa inafanya kazi. Kinachosema ni tofauti kati ya kipimo cha kwanza na kinachofuata. Kwa hiyo kila karatasi unayopewa, hata kama huielewi, itunze.

## Ya msingi

1. Ultrasaundi si ya wajawazito? Titi linapimwaje nalo?

Wengi wanaijua kwa sababu ya ujauzito, lakini titi halikungoja zamu ya watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari John Wild na mhandisi John Reid walikuwa wakipima vivimbe vya titi kwa mawimbi ya sauti huko Minnesota, Marekani. Makala maarufu ya Ian Donald wa Glasgow, iliyofungua njia kwa ultrasaundi ya uzazi, ilitoka mwaka 1958.

Kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi hutoa sauti ya juu mno ambayo sikio haliisikii, kisha husikiliza inavyorudi, kama mtu anayeita kutoka ukingo mmoja wa bonde la Uporoto na kungoja sauti yake imrudie kutoka ng'ambo. Mafuta ya titi, tezi za maziwa, maji na uvimbe kila kimoja hurudisha sauti kwa namna yake, na mashine hugeuza tofauti hizo kuwa picha nyeusi, nyeupe na kijivu.

2. Kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kuchunguzwa maabara) kilishachukuliwa na majibu yakasema ni saratani. Mbona napimwa tena?

Swali limebadilika. Kipimo cha kinyama kilijibu "ni nini?" Ultrasaundi ya sasa inajibu "ni kubwa kiasi gani leo?" na, baada ya dozi kadhaa, "je, dawa inaupunguza?"

3. Kwa nini wasinikate kwanza, halafu kemo ifuate?

Hili huulizwa na karibu kila familia, mara nyingi na kaka au mume anayeona kama mgonjwa anacheleweshwa. Uvimbe ukiwa mkubwa, au ukiwa umeshika ngozi au tezi za kwapani, kuukata siku hiyo hiyo huwa kugumu na mara nyingi hakumalizi kazi. Kemo ikitangulia huupunguza, ikampa daktari wa upasuaji nafasi ya kuutoa wote ukiwa na kingo safi. Pia huanza mapema kuwinda chembe ambazo huenda zimeshatoka titini na hazionekani kwa kipimo chochote. Na kuna faida ya tatu ambayo ndiyo kiini cha ukurasa huu: uvimbe ukiwa bado upo, tunaona kwa macho kama dawa uliyopewa inaugusa. Ukishakatwa, nafasi hiyo imeondoka.

Kwa bahati mbaya wagonjwa wengi nchini kwetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, kwa hiyo njia hii ya kemo kwanza ni ya kawaida sana. Si dalili kwamba umekatiwa tamaa.

4. Inaumiza? Ina mionzi? Kukandamizwa hakusambazi ugonjwa?

Haina mionzi. Unaweza kupimwa mara nyingi bila kudhurika, na hiyo ni sababu moja ya kuchaguliwa kwa kazi ya kufuatilia. Kukandamiza kwa kifaa hakusambazi saratani, wala kuchukua kinyama kwa sindano hakuufanyi ugonjwa "ukasirike". Imani hiyo imewakimbiza wengi, nami naisema bila kuzunguka kwa sababu imegharimu maisha ya watu.

Kama uvimbe una kidonda au unauma, mwambie anayekupima kabla hajaanza, atapunguza nguvu. Jeli ni ya baridi, na Njombe au Makete mwezi wa Juni utaisikia kwelikweli.

## Lini, wapi na kujiandaa

5. Nitapimwa mara ngapi?

Mpangilio unaotumika sana una vituo vitatu: kabla ya dozi ya kwanza, katikati, na baada ya dozi ya mwisho kabla ya upasuaji. Hiyo ya katikati huwekwa baada ya dozi mbili, tatu au nne, kutegemea dawa na utaratibu wa kliniki. Mpango wa kawaida wa kemo huchukua karibu miezi mitano au sita: dozi nne za doksorubisini na siklofosfamidi kila baada ya wiki tatu, kisha paklitakseli kila wiki kwa wiki 12 au kila baada ya wiki tatu mara nne. Mahali pazuri pa kupima katikati ni pale dawa inapobadilishwa.

Kupima kila wiki hakuna faida. Uvimbe haubadiliki haraka kiasi hicho, na utabaki kusumbuliwa na tofauti ndogo zisizo na maana (tazama swali la 12).

6. Nimeambiwa nianze kemo wiki hii na sijapimwa ultrasaundi ya titi. Nianze tu?

Muulize daktari wako leo, kwa upole na bila woga: "Daktari, ukubwa wa uvimbe umeandikwa wapi?" Kama umeshapimwa kwa mamografia (eksirei ya titi), siti skani au MRI (picha za mashine ya sumaku) na vipimo vimeandikwa, hiyo inatosha kuwa mwanzo. Kama hakuna kipimo popote, ultrasaundi ya titi na kwapa ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi hufanyika siku hiyo hiyo ya kemo, kabla ya dripu.

Dozi ya kwanza ikishaingia bila kipimo, hakuna mtu atakayeweza kurudi nyuma kuupima uvimbe ulivyokuwa. Wagonjwa huja na furaha kwamba "umepungua sana", nasi tunakosa cha kulinganisha nacho.

Ikiwezekana, kipimo hiki kifanyike hata kabla ya kuchukua kinyama. Sindano huweza kuacha damu iliyovilia ndani, na damu hiyo ikapimwa kama sehemu ya uvimbe.

7. Hospitali ya wilaya yetu ina ultrasaundi. Kuna haja ya kwenda Mbeya au Iringa?

Inategemea kifaa na mtu. Mashine ya ujauzito hutumia kifaa kilichopinda chenye mawimbi ya chini, kati ya megahezi 2 na 5, ili sauti ifike ndani kabisa ya tumbo. Titi liko karibu na ngozi, kwa hiyo linahitaji kifaa kilichonyooka chenye mawimbi ya juu, megahezi 10 au zaidi, kinachoonyesha vitu vidogo kwa uwazi. Mashine moja inaweza kuwa na vifaa vyote viwili, uliza tu: "Mnacho kifaa cha kupimia titi?"

Mtu ni muhimu zaidi ya mashine. Ultrasaundi hutegemea mkono wa anayepima: pembe aliyoshika, alivyokandamiza, alipoweka alama mbili za kupimia. Kwa hiyo bora upimwe hospitali moja, na ikiwezekana mtu yule yule, mwanzo hadi mwisho. Kama ulianzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo hupokea rufaa kutoka Nyanda zote za Juu Kusini, endelea hapo. Kama ulianzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Ikonda kule Makete, usihamehame kwa sababu ya foleni tu. Ukilazimika kuhama, nenda na picha pamoja na karatasi, na uombe atakayekupima aione picha ya zamani kabla hajashika kifaa.

8. Nijiandae vipi? Nije bila kula?

Kula kama kawaida, isipokuwa umeambiwa utapimwa na tumbo siku hiyo (swali la 23). Vaa blauzi na sketi, si gauni refu, na njoo na khanga ya kujifunika. Usipake losheni, mafuta wala poda kifuani na kwapani. Karatasi zote za zamani ziwe kwenye bahasha moja. Mvua za kwetu huanza Novemba na hazina huruma, kwa hiyo bahasha iingie kwenye mfuko wa nailoni.

Unaweza kuomba upimwe na mwanamke, au ndugu yako aingie nawe. Ni haki yako, na hakuna atakayekushangaa.

9. Titi langu lina kidonda na linatoa harufu. Naona aibu kwenda.

Njoo hivyo hivyo, mama. Wanaopima wameyaona mengi, na waliosomea kazi hii hawakuja kukagua usafi wa mtu. Kifaa hufunikwa kwa mpira au nailoni safi, jeli safi hutumika, na mara nyingi uvimbe hupimwa kutoka pembeni pasipo na kidonda. Njoo na bandeji ya kubadilishia.

Uvimbe wa namna hii una ugumu wake wa kitaalamu, na ni vizuri uujue. Kifaa cha titi huonyesha upana wa sentimita nne au tano tu kwa mara moja. Uvimbe unaozidi hapo hautoshi kwenye picha moja, na mara nyingi hunyonya sauti kiasi kwamba ukingo wake wa nyuma hauonekani. Kwa uvimbe mkubwa, anayepima huunganisha picha mbili, na daktari naye hupima kwa mkono na futi kamba na kuandika. Vipimo hivi viwili visomwe pamoja. Picha ya simu ya titi, iliyopigwa kwa ridhaa yako na futi ikiwa pembeni, nayo husaidia sana kliniki.

## Kusoma majibu

10. Wanapima nini hasa?

Urefu, upana na kina cha uvimbe, kwa milimita. Huandika pia mahali ulipo: titi la kulia au la kushoto, umbali kutoka kwenye chuchu, na upande kwa kufuata namba inavyosomeka kwenye uso wa saa ya ukutani, 12 ikiwa juu. Vivimbe vikiwa viwili au zaidi, kila kimoja hupewa namba yake. Kisha huangalia ngozi kama imenenepa, tezi za kwapani, na wakati mwingine mtiririko wa damu ndani ya uvimbe. Mashine nyingine hupima na ugumu wake, kwa maana uvimbe unaoitikia dawa huwa unalainika.

Soma karatasi yako kabla hujatoka mlangoni. Kama imeandikwa tu "uvimbe mkubwa" bila milimita, rudi ndani uombe namba.

11. Uvimbe wangu ulikuwa milimita 50, sasa ni 35. Baada ya mateso yote haya, ni hicho tu?

Hicho ni kingi kuliko kinavyoonekana. Upana umepungua kwa 30%, lakini uvimbe una pande tatu. Ukisinyaa sawasawa pande zote, ujazo wake umepungua karibu theluthi mbili. Theluthi mbili za uvimbe zimeondoka.

Vigezo viitwavyo RECIST, vinavyotumika duniani kote tangu mwaka 2000 na kurekebishwa 2009, huhesabu kupungua kwa 30% au zaidi kwa upana mrefu kuwa ni kuitikia kwa sehemu. Kuongezeka kwa 20% au zaidi kutoka kipimo kidogo kuliko vyote, na si chini ya milimita 5, huhesabiwa kuwa ugonjwa unaendelea. Kwa mfano wako, milimita 35 zikipanda hadi 42 ni jambo la kushughulikia. Kilicho katikati huitwa ugonjwa uliotulia. Vigezo hivyo viliandikwa kwa ajili ya utafiti, na humo ultrasaundi haipendelewi kwa sababu ile ya mkono wa anayepima. Kliniki zetu huvitumia kama dira, pamoja na mkono wa daktari na hali yako.

12. Mara hii umesoma milimita 3 zaidi. Umeanza kukua?

Uwezekano mkubwa hapana. Watu wawili wakipima uvimbe mmoja siku moja, tofauti ya milimita chache ni ya kawaida. Uliza kama aliyepima ni yule yule na kama alitumia upande ule ule wa kupimia. Kama wasiwasi upo, hurudiwa baada ya wiki mbili tatu. Usilie njia nzima kurudi Tunduma kwa ajili ya milimita 3.

13. Karatasi imeandikwa BI-RADS 6. Ni hatua ya sita ya saratani?

Hapana. Saratani ya titi haina hatua ya sita. Hatua zinaishia ya nne. BI-RADS ni mfumo wa kupanga majibu ya picha, na 6 ina maana moja tu: saratani hii imeshathibitishwa kwa kinyama. Itaendelea kuandikwa 6 hata uvimbe ukipungua vizuri, mpaka utolewe. Namba hii imewanyima watu usingizi bure.

14. Tezi za kwapani zina maana gani?

Ndiko saratani ya titi hufikia kwanza mara nyingi ikitoka titini. Tezi yenye afya huonekana na kiini cheupe cha mafuta na ganda jembamba pembeni. Ganda likizidi milimita 3, au kiini cheupe kikipotea, tunaitilia shaka na mara nyingi hutolewa kinyama kwa sindano. Wakati wa kemo tunaangalia kama ganda linapungua na kiini kinarudi. Si kila tezi iliyovimba ni saratani, hasa kwetu huku. Tazama swali la 19.

15. Nikijipapasa sioni kitu, lakini ultrasaundi inasema bado upo. Nani mkweli?

Ultrasaundi huona vidogo kuliko vidole, kwa hiyo isikilize. Lakini nayo ina mipaka. Saratani ikifa huacha kovu, na kovu kwenye picha linafanana na saratani iliyobaki. Kinyume chake, uvimbe mwingine hausinyai kuelekea katikati: unavunjika vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na picha ikaonyesha eneo dogo kuliko ukweli. Aina inayoanzia kwenye vijifuko vya maziwa hujificha zaidi ya nyingine. Chembechembe za chokaa nazo huonekana vizuri kwa mamografia kuliko kwa ultrasaundi.

MRI ndiyo inayokaribia ukweli zaidi katika vipimo vya picha, lakini ni ghali na iko mbali kwa wengi wetu. Ultrasaundi ikifanywa kwa uangalifu, pamoja na mamografia inapopatikana, inaongoza tiba vizuri.

## Maamuzi

16. Uvimbe umepotea kabisa kwenye picha! Naweza kuacha kemo zilizobaki na kuepuka kisu?

Hapana, na hapa ndipo tunapopoteza watu wengi. Mgonjwa anapimwa katikati ya tiba, anaambiwa uvimbe hauonekani, familia inashukuru Mungu, anarudi kijijini. Baada ya miezi kadhaa anarudi na uvimbe uliosambaa.

Picha kuwa safi haina maana kwamba chembe zote zimekufa. Kundi la chembe lenye upana wa milimita moja au mbili linaweza kupita bila kuonekana na kipimo chochote cha picha. Anayeweza kusema kwamba hakuna saratani iliyobaki ni mtaalamu wa patholojia, baada ya kuichunguza kwa hadubini nyama iliyotolewa kwenye upasuaji. Akikuta hakuna, hiyo ni habari njema kuliko zote, na mara nyingi huashiria miaka mirefu mbele. Njia ya kuipata ni kumaliza dozi na kupasuliwa.

Kuna la kufanya mapema kwa ajili ya siku kama hii. Uvimbe ukipotea, daktari wa upasuaji atajuaje mahali ulipokuwa? Kwenye vituo vyenye vifaa, kipini kidogo cha chuma huwekwa ndani ya uvimbe kwa kuongozwa na ultrasaundi kabla au mwanzoni mwa kemo. Kisipopatikana, alama ndogo ya wino wa kudumu huchanjwa kwenye ngozi juu ya uvimbe, au hutegemewa maelezo yale ya swali la 10 pamoja na picha. Waulize madaktari wako kuhusu alama hii uvimbe ungali unaonekana.

17. Baada ya dozi mbili au tatu haujapungua. Nimekwisha?

Hapana. Kwanza, uvimbe unaweza kuwa unakufa kwa ndani, katikati pakageuka majimaji, huku ukubwa wa nje ukibaki ule ule. Mtiririko wa damu na ugumu wake huonyesha hilo. Pili, aina nyingine, hasa zinazoendeshwa na homoni, huitikia kemo polepole.

Tatu, na ndiyo sababu ya kupima katikati, kujua mapema kwamba dawa haifanyi kazi ni msaada mkubwa kwako. Utafiti wa Ujerumani uitwao GeparTrio, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, ulitumia kipimo cha baada ya dozi mbili, hasa ultrasaundi, kuamua nani aendelee na nani abadilishiwe. Matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha kwamba tiba iliyoongozwa na mwitikio iliwaweka wagonjwa bila ugonjwa kwa muda mrefu kuliko kufuata ratiba moja kwa wote. Daktari wako anaweza kubadili dawa, kutangulia kwenye dawa ya pili, au kuwahisha upasuaji. Mazungumzo haya yafanyike na jopo la madaktari wanaokutibu, si kwenye korido.

18. Umepungua vizuri. Watanikata uvimbe tu, au titi lote?

Ultrasaundi ya mwisho ni sehemu ya jibu, pamoja na ukubwa wa titi, idadi ya vivimbe, na ngozi ilivyo. Lakini kuna jambo wagonjwa wa huku hawaambiwi mapema vya kutosha: kubakiza titi karibu kila mara huambatana na mionzi baadaye, ya kila siku ya kazi kwa wiki tatu hadi tano. Wengi wetu hupewa rufaa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Wapo watakaohitaji mionzi hata titi lote likitolewa. Kwa hiyo kaeni kama familia, mhesabu nauli, pa kufikia na nani atabaki na watoto, kisha umwambie daktari ukweli wa hali yenu kabla hamjaamua. Upasuaji wenyewe kwa kawaida hufanyika wiki chache baada ya dozi ya mwisho, na si vizuri upite wiki nane.

Kuhusu kukosa dozi kwa sababu ya kupanda mahindi Novemba au kuvuna Juni: mwambie daktari tarehe zako mwanzoni, ratiba husogezwa siku chache kwa mpango. Kilicho kibaya ni kupotea bila taarifa kisha kupimwa na kuonekana dawa "imeshindwa", kumbe haikupewa nafasi. Na kama unakunywa mitishamba, iseme. Hakuna atakayekufukuza, ila baadhi yake huweza kuliumiza ini ambalo kemo nayo inalitegemea.

## Hali za pekee

19. Ninaishi na VVU. Ultrasaundi itasomeka vibaya?

Titi lenyewe husomeka sawa. Penye mtego ni kwapani. VVU, kifua kikuu cha tezi, hata jeraha la jembe mkononi lililoingia usaha, vyote vinaweza kuvimbisha tezi za kwapani. Mikoa yetu iko juu katika maambukizi: utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta 12.7% ya watu wazima Njombe, 11.1% Iringa na 9.6% Mbeya. Kwa hiyo jambo hili ni la kila siku kwenye kliniki zetu.

Mwambie anayekupima hali yako. Ni siri kati yenu. Ataangalia kwapa zote mbili. Tezi zilizovimba sawa pande zote mbili huelekeza kwenye sababu ya mwili mzima, na zilizovimba upande wa uvimbe tu huongeza shaka ya saratani. Kinyama kwa sindano humaliza ubishi. Usiache ARV wakati wa kemo.

20. Nina mimba, au nanyonyesha.

Ultrasaundi ni salama kwa mama na mtoto, na ndicho kipimo cha kwanza cha titi wakati wa ujauzito. Kemo kadhaa huweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Mionzi, na dawa nyingine za saratani ya titi kama tamoksifeni na trastuzumabu, husubiri mpaka ujifungue. Anayenyonyesha anyonyeshe au akamue kabla ya kupimwa, kwa maana titi lililojaa maziwa huficha mipaka ya uvimbe. Kemo ikianza, kunyonyesha husimama.

21. Mimi sikupewa kemo, nimepewa vidonge tu. Nifuatiliwe pia?

Ndiyo, ila kwa subira. Vidonge vya homoni kama tamoksifeni au letrozoli huupunguza uvimbe taratibu. Kupima baada ya wiki sita na kukata tamaa si haki. Miezi mitatu hadi sita ndiyo kipindi cha kuona mwelekeo.

22. Mwanaume naye?

Naye. Ni karibu mgonjwa mmoja kati ya mia. Titi lake ni dogo, kwa hiyo uvimbe huwahi kushika ngozi na chuchu, lakini unapimwa na kufuatiliwa kwa njia ile ile. Baba, usikae nyumbani kwa sababu benchi limejaa wanawake.

23. Tatizo langu ni titi. Mbona wananituma ultrasaundi ya tumbo na ya moyo?

Ya tumbo huangalia ini, sehemu mojawapo saratani ya titi hupenda kwenda. Usile kwa saa sita hadi nane kabla yake. Ya moyo ni kwa sababu ya dawa. Doksorubisini na trastuzumabu huweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo nguvu yake hupimwa kabla ya kuanza, na kwa anayepewa trastuzumabu hurudiwa karibu kila miezi mitatu. Hakuna kati ya hizo inayochukua nafasi ya ultrasaundi ya titi.

24. Karatasi zangu zimepotea au zimelowa.

Rudi hospitali ulikopimwa, na namba yako ya faili, au jina kama lilivyoandikwa na mwezi uliopimwa. Vipimo huandikwa kwenye daftari la idara, na hospitali nyingi sasa huhifadhi majibu kwenye kompyuta. Kuanzia hapo piga picha ya kila karatasi kwa simu na umtumie ndugu mmoja unayemwamini, ili zibaki hata simu ikipotea.

25. Mkono wa upande wa titi lenye ugonjwa umevimba katikati ya kemo. Ni saratani inasambaa?

Inawezekana tezi za kwapani zinazuia majimaji kurudi. Lakini inawezekana pia kuwa damu imeganda kwenye mshipa wa mkono, jambo linalotokea zaidi kwa mwenye saratani aliye kwenye kemo. Ultrasaundi ya mishipa hutofautisha mawili hayo, na damu iliyoganda ina dawa. Mkono ukivimba ghafla, ukawa mzito, wa moto au wenye maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Ukipata na kubanwa kifua au kukosa pumzi, nenda muda huo huo, hata kama ni usiku.